Jembe Lililolala Nusu Siku

Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa godoro la futi sita. Nadhani ujumbe ulikuwa wazi: mama, kapumzike. Nimejaribu. Wiki ya tatu mgongo ulianza kuniuma kwa kupumzika, na binti mmoja aliyeanza kazi ya utendaji wa kata mwaka huu akanipigia simu. "Mama," akasema, "hivi kazi hii hasa ni ipi? Kwenye barua wameorodhesha mambo mengi, halafu mwisho wameweka 'na kazi nyingine utakazopangiwa.'" Nikamwambia kazi yenyewe ni hizo nyingine. Akacheka, akidhani namtania. Kwa hiyo ninaandika haya kwa ajili yake na wenzake. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyote vilinifikia kwa kuchelewa na sina la kuvisifia.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nimekulia kwenye vumbi la malori na kelele za wabadilisha fedha. Mama aliuza mchele upande huu, shangazi aliuza vitenge ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na kwetu mtu akifa tulifunga kibanda siku ya kuzika, kesho yake tukafungua. Nilipopangiwa kata moja ya juu huko Mbozi, penye kahawa, mahindi na baridi ya masweta mawili, nilipanda nikiwa najua sheria ndogo kwa vifungu vyake. Kingine chochote sikukijua.

Siku ya kwanza nilifika ofisini saa moja na nusu asubuhi. Imefungwa. Duka la jirani limefungwa. Kinu cha kusaga kimya. Hata kilabu cha pombe kilikuwa kimefungwa, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Nilikaa barazani na begi langu mpaka saa nne, nikafungua daftari jipya na kuandika mstari wangu wa kwanza wa utumishi katika kata ile: "Watumishi wote hawapo kazini." Kichwani nilikwisha kuanza kutunga barua za onyo. Ndipo akatokea mzee mrefu mwenye koti la mvua, mkononi ana pembe la ng'ombe.

"Wewe ndiye mtendaji wetu mpya?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku nzuri. Kuna msiba."

Nikamuuliza msiba unakuwaje siku nzuri.

"Utawakuta wote mahali pamoja," akasema, akanipokea begi.

Huyo alikuwa Mzee Halinga, mpiga mbiu wa kata. Alinifundisha kazi kuliko semina zote nilizohudhuria, na hakunipa cheti. Njiani kwenda msibani alinieleza desturi ya pale. Mtu akifariki, jembe linalala. Tangu habari inapotangazwa mpaka kaburi linapofukiwa, hakuna anayelima, awe ndugu wa marehemu au adui yake. Ukipita mbele ya nyumba ya wafiwa na jembe begani, unapeleka kuku na kuomba radhi. Mimi niliyetoka kwenye biashara niliona ni namna nzuri ya kukaribisha njaa. Sikusema, lakini mzee aliiona kwenye uso wangu.

"Shamba linaona kila siku watu wanakuja," akasema. "Siku wasipokuja, nalo lijue kuna mtu amekosekana."

Alinifundisha pia jinsi ya kutangaza kifo, na hili naomba mlishike, ninyi mnaotangaza kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Kwanza nyumba, halafu jina, mwisho jembe. Ukianza na jina, kila mama mwenye mtoto wa jina hilo anaanguka kabla hujamaliza, na huku kwetu majina yote yanatoka kwenye Biblia, kwa hiyo wataanguka wengi. Ukianza na jembe, watu wanadhani ni agizo la serikali na hawatasikiliza. Mzee alipanda vilima vitatu kwa miguu, kila kilima alipiga pembe mara moja, akatangaza kwa Kinyiha, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu na mimi.

Katika miaka yangu ya mwanzo nililaza jembe mara nyingi, kwa wazee, kwa wachanga, kwa mama mmoja aliyepigwa na radi. Siku moja, siku mbili, basi. Watu walizika na kurudi shambani. Nilizoea, na mwisho nilipenda. Nilipokwenda Tunduma kuwasalimu ndugu nikakuta jirani anazikwa huku honi zinalia, niliona kama tunamkosea adabu.

Kisha vijana wetu wakaanza kupelekwa Kongo. Vijana wa kule juu wanapenda jeshi, na tulipoambiwa wanakwenda kulinda amani, wengi wetu tulishika lile neno amani tukatulia. Tulidhani wanakwenda kukaa tu.

Gari la jeshi lilikuja mara ya kwanza mwezi wa kupanda. Lilisimama ofisini kwangu kwa sababu mgeni wa serikali huanzia kwa mtendaji. Walikuwa wawili, mchungaji wa jeshi na afisa kijana mwenye bahasha. Waliniambia jina: Ezekia. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, nyumba yake ng'ambo ya kijito ambacho gari halivuki. Tulikwenda kwa miguu. Katikati ya njia nikaona yule afisa anaihamisha bahasha mkono huu hadi ule, nikamwomba nimbebee, akanipa bila kubisha. Mpaka leo namkumbuka kijana yule kama mwanangu. Alikuwa ametumwa kazi ambayo hakuna anayefundishwa.

Mzee Halinga akapanda vilima vyake. Nyumba, jina, jembe. Na jembe likalala.

Hakuna aliyefikiri kuuliza mwili utafika lini. Siku ya pili tukaambiwa bado. Siku ya nne bado. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kupandia, ya taratibu, isiyo na upepo, na mbegu zilikuwa zimekaa ndani kwenye magunia. Kata nzima tuliketi kwa baba yake Ezekia, chini ya maturubai, tukitazama mvua nzuri ikianguka kwenye mashamba matupu. Wanawake walipika, wanaume walipasua kuni, na kwa kuwa siku zilikuwa nyingi, habari za Ezekia zilisimuliwa zote. Mpaka mimi mgeni nilijua alivyokuwa anaogopa bata, na alivyofeli hesabu mara mbili. Siku ya tisa mwili ukaja. Sijawahi kuona umati ule tena. Watu walitoka Vwawa, walitoka Mbozi Mission, watoto wa shule walipanga mistari, na risasi za heshima zilipopigwa vichanga vyote vililia kwa pamoja. Mtu yeyote wa kata ile, ukimgusa bega, angekuambia Ezekia alikuwa nani.

Tulipanda tukiwa tumechelewa, na mvua ikaondoka mapema. Mwaka ule tulikula viazi mpaka watoto wakaviita kwa majina. Hakuna aliyemlaumu baba yake Ezekia hata kwa kunong'ona. Lakini mimi ndiye niliyepeleka taarifa ya njaa, na niliiandika kwa uchungu. Nikajisemea, jambo hili lisitukute tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenifanya nishike kalamu leo. Niliitisha kamati ya kata nikaleta pendekezo langu: kwa mtu aliyefia mbali, jembe lilale kuanzia mwili unapoingia ndani ya kata, siyo kuanzia habari inapofika. Lilikuwa pendekezo safi, lenye mantiki. Wajumbe walipumua. Mmoja akasema, "Mama Mtendaji umetuokoa." Mzee Halinga alikuwa amekaa karibu na mlango, si mjumbe, ila hakuna kikao alichokosa. Akasema, "Mvua itarudi mwakani, Mtendaji." Tukapitisha hata hivyo. Maneno yake sikuyaandika kwenye muhtasari. Nilijiambia hayakuwa hoja.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Alifia nyumbani, kwa hiyo jembe lililala siku mbili, na mbiu yake mwenyewe ilipigwa kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye bodaboda. Safari hiyohiyo bodaboda ilitangaza na chanjo ya kuku. Nililia kwa yote mawili.

Mwanajeshi wa pili aliitwa Festo. Habari ilifika Jumatatu, mwili ukafika Jumamosi asubuhi. Kwa muda wa siku tano watu walipita mbele ya nyumba ya wazazi wake na majembe begani, wakitoa pole wakiwa wanatembea. Hawakuvunja sheria, maana niliwaandikia mimi. Jumamosi saa mbili mwili uliingia kwenye kata, saa tano kaburi lilikuwa limefukiwa, saa saba nilisikia majembe yakigonga udongo kilimani. Walionituma walinisifu kwa mazishi yaliyoenda kwa utaratibu. Nami nilifurahia sifa zile, sitawadanganya.

Vita ile haikwisha. Ila sisi tulikwisha kuizoea. Zamani redio ilipotaja askari wetu waliouawa, kinu kilizimwa watu wasikie. Baadaye habari hizo zikaja baada ya michezo, halafu zikawa haziji, au zilikuja tukiwa tunabadilisha stesheni. Nilikaa siku moja kwenye kituo cha kununulia kahawa nikamsikia mtu mzima, mwenye akili zake, anauliza, "Kwani ile vita ya Kongo bado ipo?" Mwenzake akajibu, "Nadhani iliisha." Nilitaka kumrekebisha, nikagundua kwamba nikitaka kuelezea Festo alikuwa mtu wa namna gani sina neno hata moja. Nilikuwa nimemzika. Faili lake nililipanga mwenyewe. Lakini kuhusu hofu zake na masomo aliyofeli sikujua kitu, kwa sababu hatukukaa kwake siku za kutosha kusimuliwa.

Gari la jeshi lilikuja mara ya tatu miezi miwili kabla sijastaafu, wakati wa palizi. Jina lilikuwa Yohana. Mama yake alikuwa mjane, jina lake tulilomwita ni hilohilo, Mama Yohana, na mtoto wake wa pili, binti, ameolewa Tunduma. Nilikwenda na wageni wale, nikakaa naye mpaka binti akafika. Bodaboda ikatangaza: mwili utafika baada ya siku sita hivi, mtajulishwa.

Kesho yake asubuhi Mama Yohana alikuja ofisini kwa miguu. Mfiwa hatoki nyumbani, kila mtu anajua, kwa hiyo nilipomwona mlangoni nilisimama.

"Kaa, Mama Mtendaji. Nina swali moja tu."

"Uliza, mama."

"Alipokufa Ezekia nililaza jembe siku tisa. Nilikuwa na watoto wawili na sina mume, na mwaka ule nilivuna debe tatu. Sikunung'unika. Sasa wangu atalaziwa saa ngapi?"

Kifungu nilikijua kwa kichwa.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Najua magugu hayana subira. Lakini jana na leo nimekaa dirishani natazama watu. Wanapita na majembe wameyafunga kwenye viroba. Wengine wameyafunga kwenye kanga."

"Wanakuonea aibu, mama."

"Ndiyo. Na mimi nashukuru wanaona aibu. Siku watakayopita nayo begani, wakinipungia mkono, ndiyo Yohana atakuwa amekufa." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Siombi kata nzima. Naomba kila siku, mpaka aje, awepo hata mtu mmoja ambaye hakwenda kazini kwa sababu ya Yohana. Mmoja tu. Ili niseme jana alikuwepo fulani, leo yupo fulani."

Nilimshika mkono, nikamwambia wa leo ni mimi. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifanya miaka yote ya utumishi wangu: nilifunga ofisi siku ya kazi bila jembe la kata kulala. Nikabandika karatasi mlangoni. Nilipoiandika mkono ulikumbuka mpangilio wenyewe. "Nyumba ya Mama Yohana, kitongoji cha chini. Yohana amefariki Kongo. Jembe langu limelala." Nikaweka muhuri wa kata kwenye mkoba, tukashuka pamoja.

Sasa, wenzangu, mnajua muhuri ni nini kwa mwananchi. Msiba unaweza kuukwepa, muhuri huukwepi. Saa tatu haijafika, akaja baba mmoja wa kitongoji cha juu, Mwazembe, amekasirika, ana barua yake ya mbolea ya ruzuku. Jembe lake lilikuwa kwenye kiroba, mpini umetokeza. Alipoona nimekaa kwenye mkeka alitaka kunena, kisha akamwona Mama Yohana, akalishusha jembe nyuma ya nguzo.

"Pole, mama."

"Asante, baba. Karibu ukae."

Hapo hana la kufanya, amekaa. Nami sikuwa na haraka ya kugonga muhuri. Nilimwambia wino umekauka, asubiri kidogo. Mungu anisamehe, ilikuwa siku yangu ya uzembe mkubwa kuliko zote na nilikuwa nalipwa. Mwazembe akaikunja barua yake, kisha akauliza, "Huyu Yohana ndiye yule aliyekuwa anapiga ngoma ya kwaya?" Mama Yohana akainua kichwa. Akasema hapana, yule wa ngoma ni mwingine, wangu alikuwa anaimba sauti ya nne, tena vibaya. Akaanza kusimulia.

Siku zile tano zilizobaki nilihamishia ofisi pale. Alikuja binti wa fomu ya chuo, walikuja majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba, akaja mwenye kibali cha kusafirisha ng'ombe. Kila mmoja alikuja akiwa amekunja uso, kila mmoja alikaa. Wengine walirudi kesho yake bila karatasi yoyote. Sitatia chumvi: kata haikujaa kama kwa Ezekia. Palizi iliendelea, na vilimani majembe yalisikika. Lakini haikupita siku hata moja bila watu mkekani, na Mama Yohana alikuwa anawahesabu kwa majina jioni, mimi nikimsaidia.

Mchana wa siku ya sita Mwazembe alikuwepo tena. Mama Yohana alikuwa anasimulia jinsi Yohana, akiwa na miaka kumi, alivyomkuta ng'ombe wa mchungaji ndani ya maharage yao, akamswaga mpaka Mission, akamfunga kwenye mlango wa kanisa ibada ikiendelea. "Sasa mchungaji yuko madhabahuni," akasema, "ng'ombe naye akaanza kulia." Watu walikuwa wanacheka, yeye mwenyewe alikuwa anacheka, ndipo tukasikia gari. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda kumpokea mwanawe.

Tulimzika kesho yake. Niliitisha kamati yangu ya mwisho, nikawaambia waliokuwepo na wasiokuwepo kwamba pendekezo lile lilikuwa langu na nilikosea, na tukaandika jipya: kwa anayefia mbali, vitongoji vishike zamu ya kulaza jembe, kimoja kila siku, tangu habari inapofika. Magugu yatapaliliwa, na mfiwa hatakaa peke yake. Safari hii niliandika na yale maneno ya Mzee Halinga kuhusu mvua, na jina lake nikaliweka.

Asubuhi baada ya wageni kutawanyika nilifungua ofisi. Nilikuwa napangusa meza Mwazembe alipoingia na karatasi ya mwanawe ya kuhama shule. Nikachukua muhuri. Akairudisha karatasi kifuani.

"Samahani, Mama Mtendaji. Leo hugongi kule?"

"Kule wapi?"

"Kwa Mama Yohana." Akatazama chini, mtu mzima, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Ile habari ya ng'ombe hakuimaliza."

Nikafunga ofisi, tukashuka.